Akili Nazo Zataka Uwanja

Liko neno ambalo limesemwa kwa muda mrefu na watu wazima wenye heshima zao, nalo ni kwamba mtu aketiye mbele ya ubao, uwe wa bao, wa drafti au wa sataranji, ni mtu asiye na kazi. Neno hilo limerithiwa na baba kutoka kwa babu, na mwalimu kutoka kwa mwalimu, hata limekuwa kama sheria isiyoandikwa. Mtoto akimbiapo nyuma ya mpira husifiwa kwa nguvu zake. Yule aketiye kimya akiwaza hatua ya tano kabla hajaicheza ya kwanza huambiwa ainuke akatafute la kufanya. Leo twataka kulipinga neno hilo. Hatulipingi kwa ubishi, bali kwa mambo yaliyotokea mbele ya macho ya dunia.

Mwezi Septemba 2024 timu za mataifa ya dunia zilikutana Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kushindania ubingwa wa sataranji. Mashindano hayo huitwa Olimpiadi ya Sataranji. Yale ya kwanza yaliyo rasmi yalichezwa London mwaka 1927, na ushindi ulikwenda kwa Hungaria hiyo hiyo. Ule wa 2024 ulikuwa pia mwaka wa mia moja tangu shirikisho la sataranji la dunia lilipoundwa mjini Paris, mwezi Julai 1924. Katika mwaka huo wa kumbukumbu, India ilishinda medali ya dhahabu ya upande wa wazi, ikashinda na ile ya wanawake. Haikuwa imepata kushinda dhahabu hata moja ya Olimpiadi hizo hapo kabla, isipokuwa ile ya mwaka 2020 iliyochezwa kwa njia ya intaneti wakati wa maradhi ya korona, nayo waligawana na Urusi.

Wasomaji wetu watauliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Usevya, katika bonde la Rukwa, tunaofikiri habari za mahindi, mpunga na samaki? Twaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana yatuhusu sana.

Kwanza yafaa kueleza jinsi timu zinavyoshindana, ili asiyeujua mchezo huu asiachwe nyuma. Kila taifa hupeleka wachezaji watano. Wanne hucheza na mmoja hukaa akiba. Wanne hao hukabili wanne wa taifa jingine, meza ya kwanza kwa meza ya kwanza, na ya nne kwa ya nne. Ashindaye katika meza yake huipatia timu pointi moja, na atokaye sare huipatia nusu. Timu ikipita mbili katika zile nne, imeshinda pambano, nayo huandikiwa pointi mbili katika msimamo. Ikiwa sawa kwa sawa, kila upande hupata moja. Hufanyika hivyo kwa raundi 11. Basi hata kama mchezaji wa meza ya kwanza ni gwiji asiye na mfano ulimwenguni, ushindi wake ni pointi moja tu, wala hauzidi ule wa kijana wa meza ya nne ambaye jina lake halimo magazetini. Katika sataranji ya timu hakuna meza ya wakubwa na meza ya wadogo. Mizani ni moja.

Sasa tuyatazame matendo ya wachezaji wenyewe. India ilicheza mapambano 11, ikashinda kumi na kutoka sare moja tu, na Uzbekistan, katika raundi ya tisa. Ilijipatia pointi 21 katika 22 zilizowezekana. Katika meza ya kwanza alikuwapo kijana wa Chennai, Gukesh Dommaraju, mwenye umri wa miaka 18, aliyepata pointi 9 katika michezo 10 bila kushindwa hata mara moja. Katika meza ya tatu alikuwapo Arjun Erigaisi, aliyecheza raundi zote 11 na kupata pointi 10. Wote wawili walipewa medali za dhahabu za meza zao. Mtu anaweza kuzitazama hesabu hizo akasema: basi India ilibebwa na wawili hao.

Ni kweli walibeba mzigo mkubwa. Lakini sisi twawaomba wasomaji watazame pambano moja tu, lile la raundi ya kumi, India ilipokutana na Marekani. Katika meza ya pili alikuwapo Praggnanandhaa, mchezaji mwenye sifa kubwa, na siku hiyo alifungwa na Wesley So. India ikawa nyuma. Kwa timu nyingine huo ungalikuwa mwanzo wa lawama na wa kutazamana kwa jicho baya. Gukesh akamfunga Fabiano Caruana katika meza ya kwanza. Arjun akamfunga Leinier Domínguez katika meza ya tatu. Na Vidit Gujrathi, katika meza ya nne, akatoka sare na Levon Aronian, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Hesabu ikawa mbili na nusu kwa moja na nusu. Aliyeanguka aliinuliwa na wenzake, na siku ya pili, katika raundi ya mwisho, yeye naye alishinda mchezo wake India ilipoishinda Slovenia tatu na nusu kwa nusu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi twaongeza kwamba kidole kilichoumia leo hakikatwi, maana kesho kitahitajiwa.

Upande wa wanawake, somo ni kubwa zaidi, kwa kuwa wao walipita katika taabu. Walikwenda vizuri hadi raundi ya nane, wakafungwa na Polandi. Raundi ya tisa wakatoka sare na Marekani. Watu wengi wakaona kwamba dhahabu imekwisha kuwaponyoka. Raundi ya kumi wakakutana na China, taifa ambalo kwa miaka mingi limekuwa na wanawake wenye nguvu kupita kiasi katika mchezo huu, wakashinda kwa tofauti ya pointi moja, na aliyeshinda mchezo wake siku hiyo alikuwa Divya Deshmukh, msichana wa miaka 18. Raundi ya mwisho wakaishinda Azabajani, na dhahabu ikawa yao. Divya katika meza ya tatu na Vantika Agrawal katika meza ya nne walipata pia medali za dhahabu za meza zao. Angalieni vema: dhahabu hizo za mtu mmoja mmoja zilitoka meza za chini, zile ambazo mtazamaji wa haraka huzipita bila kuzitupia jicho.

Hatuwezi kuisimulia habari ya 2024 bila kurudi nyuma miaka miwili, kwa sababu mti hauanzi na matunda. Mwaka 2022 Olimpiadi ilichezwa huko huko Chennai. India, kwa kuwa ndiyo mwenyeji, iliruhusiwa kuweka zaidi ya timu moja, na timu yake ya pili ilikuwa ya vijana. Gukesh, wakati huo mwenye miaka 16, alishinda michezo yake minane ya kwanza, yote, mmoja baada ya mwingine. Nchi nzima ilikuwa ikimtazama. Ndipo ilipofika raundi ya kumi, timu yake ikakutana na Uzbekistan, naye akaketi mbele ya Nodirbek Abdusattorov. Mchezo ulikuwa mikononi mwake. Kisha, kwa uchovu na kwa haraka, akafanya kosa moja kubwa, akafungwa. Pambano likaisha sare, na timu ya vijana wa India ikamaliza ya tatu. Dhahabu ilichukuliwa na Uzbekistan, iliyokuwa imewekwa nafasi ya 14 kabla ya mashindano kuanza, nayo pia ilikuwa timu ya vijana watupu.

Kijana yule wa miaka 16 alifanywa nini? Hakutupwa, wala hakuitwa msaliti. Alirudi mazoezini, na mwaka 2024 ndiye aliyewekwa meza ya kwanza Budapest. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, huko Singapore, alimshinda Ding Liren wa China kwa saba na nusu kwa sita na nusu, akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Laiti wale waliomlea wangalikuwa na tabia ya kumtupa mtoto kwa kosa la siku moja, bingwa huyo asingalipatikana. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyemvumilia aliyeshindwa si mlezi.

Wala huo haukuwa muujiza. Mwaka 1988 India ilimpata mtu wake wa kwanza mwenye cheo cha Grandimasta, ambacho ndicho cheo cha juu katika sataranji. Naye ni Viswanathan Anand, mwenyeji wa Chennai vilevile. Yeye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, na watoto wa mji wake wakaona kwamba jambo hilo lawezekana. Kutoka cheo kile cha kwanza hadi dhahabu mbili za Budapest ni miaka 36. Twayataja haya ili asitokee mtu akadhani twataka mavuno kesho asubuhi. Mkulima wa bonde hili ajua kwamba mbegu ina majira yake.

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Yuko mtu atakayesema: India ni taifa kubwa, lina watu wengi na mali nyingi, sisi na wao wapi na wapi? Basi tumjibu kwa habari ya Katwe, mtaa wa watu maskini mjini Kampala, Uganda, ambako maji ya mvua huingia ndani ya vibanda na watoto wengi hukosa karo. Huko Robert Katende, kijana aliyekuwa akifundisha watoto mpira, aliona kwamba wako watoto waliosimama pembeni, wasioweza au wasiotaka kucheza mpira. Aliwaletea ubao wa sataranji. Watoto walipewa uji, na wengi wao, tuseme kweli, walifuata uji kwanza, na ubao baadaye. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akiisaidia familia yake kuuza mahindi mitaani. Alimfuata kaka yake, akaona watoto wameinamia kete, akaketi.

Mwaka 2009 watoto watatu wa Katwe, yaani Phiona Mutesi, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, walipelekwa Juba, wakati huo ikiwa bado ndani ya nchi ya Sudani, kushindana na watoto wa nchi nyingine za Afrika. Walikuwa hawajazoea hata kulala kitandani peke yao. Walirudi na kombe la timu. Hapakuwa na gwiji mmoja aliyewabeba wawili. Walikuwa watatu, na kila mmoja alishika meza yake.

Mwaka uliofuata Phiona alichezea timu ya wanawake ya Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, huko Siberia. Hatutaificha kweli: alifungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, kwa kuwa alikutana na watu waliofundishwa na walimu wakubwa tangu utotoni. Lakini mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walifikia kiwango cha kupewa vyeo vya kimataifa, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata heshima hiyo. Habari yake iliandikwa kitabu mwaka huo huo, na mwaka 2016 ikafanywa filamu iliyoonyeshwa duniani. Baadaye yeye na Benjamin Mukumbya walipata nafasi ya kusoma chuo kikuu nchini Marekani. Twasema hivi si kwa kuisifu Marekani, bali kuonyesha kwamba ubao wa mbao na bakuli la uji viliwafungulia watoto hao mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Katwe haikuanza na jengo, wala haikuanza na uwanja. Ilianza na mtu mmoja aliyekubali kukaa na watoto kila juma, mwaka hata mwaka.

Basi turudi Usevya. Sisi tuko katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kutoka katika Mkoa wa Rukwa. Tuko mbali na Dar es Salaam, na mbali huko kumetuzoeza kungoja. Twangoja barabara, twangoja vifaa, twangoja wataalamu. Mambo mengine ni kweli hatuwezi kuyapata bila kungoja. Kiwanja cha mpira chenye nyasi chataka fedha na maji. Chumba cha kompyuta chataka umeme na fundi. Lakini ubao wa sataranji wataka nini? Wataka vyumba 64, nusu vyeupe na nusu vyeusi. Wataka kete 16 kwa kila upande: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wadogo wanane. Misitu ya Katavi yajulikana kwa mninga. Hatuamini kwamba seremala wa bonde hili, anayechonga vitanda na milango ya watu, atashindwa kuchonga farasi wa mbao mwenye kimo cha kidole. Na mvua ikinyesha, udongo wa bonde ukawa tope na kiwanja cha mpira kikawa dimbwi, ubao huingizwa ndani na mchezo huendelea.

Wala hatuanzi na akili tupu. Vijana wetu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, mmoja akivilaza kifudifudi na mwenzake akivilaza chali, na wengine wana uhodari wa kuona mbali ambao haujapata kupimwa na mtu. Wazee wetu wana bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, idadi ile ile ya vyumba vya sataranji. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, hupita katika namua, kisha huingia katika mtaji, na kete moja tu iliyowekwa pasipopaswa huweza kuiteketeza nyumba nzima. Mtaalamu kutoka Uholanzi, Alex de Voogt, alikuja Zanzibar kuchunguza jinsi mabingwa wa bao wanavyokumbuka na kuhesabu, na mwaka 1995 aliandika kitabu cha elimu ya juu juu ya akili hizo. Mgeni alivuka bahari kuja kujifunza kile ambacho sisi twakiita uvivu! Na picha za Mwalimu Julius Nyerere akiwa ameliinamia bao zajulikana na wengi. Sidhani yupo atakayethubutu kusema kwamba yule naye alikuwa mtu asiye na kazi.

Wafanyakazi ndio wasiopaswa kabisa kuuona mchezo wa akili kuwa jambo geni. Katika michezo ya Mei Mosi, na katika ile ya SHIMIWI inayokutanisha wizara na idara za Serikali, bao, drafti na karata huchezwa pamoja na mpira, riadha na kuvuta kamba. Mfanyakazi aliyeketi mbele ya bao hupata kikombe kama mwenzake aliyevuta kamba, na pointi zake huihesabia timu yake. Waliotunga utaratibu huo waliona kweli. Lakini twauliza: kama mtu mzima mwenye mshahara atambuliwa kuwa mchezaji anapoketi mbele ya ubao, kwa nini mtoto wake aambiwe ni mvivu?

Twajua watakayosema wanaotupinga, nasi hatutayakimbia. Wa kwanza atasema sataranji ni mchezo wa kigeni. Ni kweli haukuzaliwa Mpimbwe. Ulizaliwa India, ukapita Uajemi, ukachukuliwa na Waarabu, na jina lake, sataranji, limo katika Kiswahili kwa sababu lilikuja na pepo za bahari kabla ya baba zetu kuusikia mpira wa miguu. Mpira nao ulitoka Uingereza, na hakuna anayeuita mgeni Jumamosi jioni. Mchezo huwa wa wale wauchezao vizuri.

Wa pili atasema: mtoto akicheza hatalima wala hatasoma. Huyu twamheshimu, maana kila kitu kina kiasi chake. Hatusemi jembe liwekwe chini wakati wa mvua ili watu wacheze. Twasema kwamba baada ya mavuno, kiangazi kinapoingia na kazi za shamba zikapungua, vijana wanakuwa na saa nyingi mikononi, na saa hizo hazikai tupu. Ziko zile mashine za kamari ambazo watu huziita bonanza, zilizosambaa nchini hata vijijini, nazo humeza sarafu za watoto na za watu wazima bila kushiba. Kuna ubashiri wa mechi katika simu, unaomfanya kijana aamini kwamba atakula bila kupanda. Kamari humfundisha mtu kwamba ushindi ni bahati. Sataranji humfundisha kinyume chake, kwa kuwa hakuna kilichofichwa juu ya ubao ule: kete zote zaonekana, na aliyefungwa hana wa kumlaumu ila hatua zake mwenyewe. Kati ya mafunzo hayo mawili, mzazi achague mwenyewe lipi lifae kuingia nyumbani mwake.

Wa tatu atasema kwamba njaa haiponywi kwa mchezo. Naam, haiponywi. Katende mwenyewe alijua hivyo, ndiyo maana uji ulikuwako. Mtoto mwenye njaa hahesabu hatua tano mbele. Kwa hiyo asitumie mtu maneno yetu kusema kwamba ubao wa sataranji utachukua mahali pa chakula shuleni, au mahali pa dawati, au mahali pa mwalimu. Hautachukua. Lakini akili ya mtoto hukua sambamba na tumbo lake, nayo pia haipendi kungoja.

Basi, tukiisha kusema hayo, twataka nini? Twataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja mkoa jirani.

La kwanza, matawi ya wafanyakazi na ya wanachama yafanye mchango mdogo, yatengenezewe mbao za sataranji na maseremala wa hapa hapa, na zipelekwe shuleni. Mbao nne zatosha kuanza, kwa kuwa timu ni meza nne.

La pili, apatikane mtu katika kila shule, mwalimu au mfanyakazi mstaafu, atakayekubali kukaa na watoto siku moja kila juma bila kuchoka. Asiyeujua mchezo na aufunze kwanza moyo wake mwenyewe. Kanuni zake hujifunzwa kwa siku chache, ingawa uhodari wake ni wa miaka.

La tatu, timu zichaguliwe kwa mashindano ya wazi, mbele ya watu, kila mchezo ukiandikwa. Meza ya kwanza ikaliwe na aliyeshinda, asikae pale mtoto wa mtu fulani. Uzuri wa sataranji ni kwamba ubao haujui cheo cha baba wa mchezaji. Tukiuharibu uzuri huo kwa upendeleo, tutakuwa tumeua mche kabla haujatoa jani la pili.

La nne, na hili twalisema kwa mkazo, wasichana wakae mezani sawasawa na wavulana. Phiona alikuwa msichana. Divya na Vantika, walioleta dhahabu kutoka meza za tatu na nne, ni wasichana. Katika bonde letu msichana hutoka shuleni akakutana na ndoo, kuni na mdogo wake wa kubeba mgongoni, hali kaka yake amekwenda kucheza. Kama saa ya mchezo itapangwa bila kufikiri jambo hilo, tutapata timu ya nusu ya akili zetu, na nusu nyingine itakuwa mtoni ikichota maji.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ili michezo ya nchi hii iwe na mlezi. Lakini mlezi wa taifa hawezi kumlea mtoto asiyeletwa. Kazi ya kumleta ni yetu. Mji mkuu hauwezi kujua kwamba katika darasa moja la bonde la Rukwa ameketi mtoto aonaye hatua saba mbele, kama sisi wenyewe hatujampa ubao wa kuzionyeshea.

Katika sataranji iko kanuni moja ya kutiwa maanani. Askari mdogo, yule wa mstari wa mbele anayekwenda hatua moja moja na asiyeruhusiwa kurudi nyuma, akivumilia hata akafika mwisho wa ubao, hugeuzwa kuwa malkia. Hafiki huko peke yake, kwa kuwa njiani hulindwa na farasi, na ngome, na askari mwenzake aliye kando yake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Watoto wetu wangali wabichi, mninga umo msituni, na kiangazi hakiko mbali. Tuzichonge mbao hizo sasa, tuwaketishe watoto mezani, wanne kwa wanne.